Mikono ya Mukeke

Watu wazima wanaocheza na vitofali vya plastiki ni wengi kuliko mnavyodhani, na wote ni waongo. Nasema hivyo kwa upendo, maana nami ni mmoja wao. Mchana tunavaa nguo za kazini na kukemea watu maofisini. Jioni tunafunga mlango, tunamwaga sakafuni vitu ambavyo mtoto wa darasa la tatu angesema ni vya wadogo zake. Mgeni akibisha hodi, tunavifunika kanga.

Kundi letu lilikuwa Facebook. Alilianzisha mtu wa Dar es Salaam aliyejiita Mzee Kizibo, ambaye kwa jinsi alivyoandika nilihisi ni mkubwa fulani serikalini, mtu mwenye heshima ya kupoteza. Ndiye aliyeweka masharti. Hakuna jina la kweli. Hakuna kuulizana kazi wala ndoa. Hakuna sura. Ukipiga picha ya ulichojenga, mikono yako sharti ionekane ili tujue hukuiba picha ya Mzungu mtandaoni, lakini picha iishie penye kifundo cha mkono. Basi tukawa tunajuana kwa mikono. Ningepishana na Kizibo mlangoni nisingemtambua, ila angeninyooshea kalamu ningemjua hapo hapo, kwa vidole vyake vifupi na pete iliyombana mpaka nyama ikavimba pembeni.

Mimi ni Joanitha, mtu wa Kamachumu, na wakati huo nilikuwa afisa mipango miji wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mnaweza kucheka. Kazi yangu ilikuwa kuchora barabara, na kazi ya wananchi ilikuwa kujenga choo katikati ya barabara niliyochora. Jioni nilirudi Buzebazeba nilikopanga, nikajenga mji wangu mwenyewe ambamo hakuna aliyehamisha kigingi cha mtu. Sikuwa nimeolewa, na maswali ya jambo hilo nimeyajibu ya kutosha kwetu, sitayajibu tena hapa.

Vitofali nilinunua soko la Ujiji, kwa mama mmoja wa mitumba. Vilikuja vimechanganyika na midoli isiyo na vichwa ndani ya belo za nguo za watoto, naye alivipima kwa kopo la maziwa ya unga. Aliamini nina watoto watukutu wanaopoteza kila kitu. Nilimwacha aamini, na alipouliza hali zao nilimjibu wazima.

Kwenye kundi nilijiita Mgebuka, kwa sababu siku ninajiandikisha ndiyo mboga niliyokuwa nimekula. Haukupita muda mtu aliyejiita Mukeke akaniandikia pembeni. "Mgebuka na mukeke ni samaki mmoja," alisema. "Nyie mnaita hivyo, sisi huku Burundi tunaita hivi. Ziwa ni moja. Mbona hatusalimiani?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mukeke alikuwa Nyanza-Lac, mji wa pwani ya ziwa upande wao, si mbali na mpaka. Alijenga kwa namna ambayo sisi wengine hatukuiweza. Mtu mwingine akijenga nyumba, unaona nyumba. Mukeke akijenga nyumba, ulijua nani ametoka kugombana ndani yake. Kiti kimoja kimegeuzwa ukutani, mlango umeachwa nusu wazi, basi, umeshapata habari yote. Na pembeni ya nyumba ilikuwepo mikono yake, mirefu, myembamba, misafi. Kucha ya kidole cha shahada cha kushoto ilikuwa imepasuka toka chini hadi juu na kupona hivyo hivyo, nusu mbili. Alipobonyeza kitofali kidole kidogo kilinyanyuka, kama mtu anayekunywa chai ukweni.

Kundi zima lilimwita kaka. Mimi pia nilimwita kaka, kwa mwaka mzima na zaidi. Niliposhikwa na malaria aliniandikia kila jioni. Nilipogombana na bosi wangu aliniambia, "Ukuta ukikataa kukaa, usiupige ngumi. Nywa chai kwanza." Nilipokosa madirisha ya vitofali aliniambia hana, ila ana subira, nikitaka anigawie. Baadaye nilipoyapata, mimi ndiye niliyempelekea, ya bluu, kwa boti ya wafanyabiashara wa mawese, yakaachwa dukani Nyanza-Lac kwa jina hilo hilo la Mukeke. Alinitumia picha akiyashika kiganjani, na nilikaa na picha ile muda mrefu kuliko inavyostahili madirisha.

Nilimpenda. Kulisema sasa sioni haya, ila wakati ule ningekufa kwanza. Niliacha kumwita kaka. Nikawa namwandikia vitu ambavyo mtu hamwandikii rafiki, kwamba nimepita ufukweni nikatazama kaskazini, kwamba chai ya peke yangu haina ladha. Yeye alijibu kwa upole, lakini alijibu mengine. Siku moja nilimuuliza waziwazi kama ana mke. Akajibu, "Sharti la Kizibo hilo, Dada Mgebuka." Nilicheka, nikazima simu.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, mwezi wa nne, Burundi ikachafuka. Mukeke aliandika kwamba majirani wanaondoka bila kuaga, kwamba mmoja ameacha maharage jikoni moto haujazimwa. Nikamwambia aje. Nikamwambia nina chumba cha pili, aje hata kesho. Hakujibu. Nilikuwa naishika simu hata kwenye kikao cha madiwani. Kisha siku moja mchana ukaja ujumbe: "Tumevuka. Tuko Kagunga, watu ni wengi kupita mchanga. Simu inazima. Tukipata meli tutafika kwako Kigoma. Tazama mikono, utaijua."

Anayeifahamu Kagunga anaelewa kwa nini sikulala vizuri tena. Ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, bila barabara ya gari. Watu walikuwa wameshuka mlimani kwa maelfu wakakwama pale ufukweni. Meli kubwa haikuweza kusogea, kwa hiyo walipelekwa kwa mitumbwi ya wavuvi hadi kwenye meli, kidogo kidogo, na waliobaki walikunywa maji ya ziwa na kujisaidia karibu nayo, maana wangekwenda wapi. Kipindupindu kikaingia.

Niliandika kwenye kundi kwamba Mukeke yuko Kagunga. Sitasahau walivyojibu. Watu wale niliokuwa nikiwaona wa mchezo tu waliacha kazi zao. Mzee Kizibo alikusanya picha zote za Mukeke tangu ajiunge, akazikuza, akazipanga. Wakaanza kuandikana kama wapelelezi. Mmoja wa Mombasa aliona kovu dogo chini ya gumba la kulia. Mwingine wa Nairobi alisema kwa urefu wa vidole vile mtu huyu hapungui futi sita. Walibishana kuhusu umri wake kwa ngozi ya viungo vya vidole. Nilipokuwa nikisoma yale nikaona jinsi tulivyo wajinga, tumemtazama mtu huyu miaka yote na hatujui kama ana ndevu.

Wakati huo meli zilikuwa zimeanza kuwaleta. Waliteremka bandarini Kigoma, wakapakiwa mabasi hadi Uwanja wa Lake Tanganyika, wapumzike na kuandikishwa kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Manispaa ilinituma uwanjani kupanga mahali pa mahema na vyoo, kazi ya taaluma yangu. Niliifanya siku mbili. Siku ya tatu nikamwendea bosi wangu, Polycarp, nikamwambia nataka kukaa getini kwenye ndoo.

Pale getini kulikuwa na ndoo zenye koki, maji yametiwa dawa, na kila mtu aliyeingia ilikuwa lazima anawe kwanza mbele ya msimamizi, viganja na mgongo wa mkono na kati ya vidole. Hakuna aliyepita bila kunawa.

"Wewe afisa mzima unataka kumwagia watu maji?" Polycarp aliniuliza.

"Nimechoka na ramani, Mkuu."

"Ukiugua, usije kusema nilikutuma."

"Sitasema."

Aliniangalia kwa namna mpya, ya heshima, akidhani nimeguswa na dini. Sikumsahihisha. Nikavaa glavu na buti, nikasimama kwenye koki, na mikono ikaanza kupita.

Mpaka leo sina sura hata moja ya siku zile. Nina mikono. Mikono ya bibi iliyokuwa bado imekunja vidole kana kwamba imeshika kamba. Mikono ya mama aliyenawa mmoja tu kwa sababu wa pili ulikuwa umembana mtoto na ulikataa kulegea. Mikono yenye udongo wa mlimani kwenye mistari, na mikono laini ya mwanafunzi, na ya mzee ambaye alinikabidhi mikono yake nimnawishe kama mtoto, akashukuru, "Urakoze, mwana wanje." Kila ulipopita mkono mrefu mwembamba niliutazama ule wa kushoto, kidole cha shahada, na kucha ilikuwa nzima. Jioni niliandika kwenye kundi: leo bado. Na kila mmoja akajibu neno moja: kesho.

Ikaja siku mvua ilipokuwa imenyesha asubuhi, watu wamelowa. Mikono ilinyooshwa chini ya koki, nikafungua maji, na kucha ilikuwa imepasuka katikati, nusu mbili.

Sikupiga kelele. Niliishika mikono ile yote miwili, maji yanatiririka, glavu zangu zimejaa sabuni. Nikatazama chini ya gumba la kulia na kovu lilikuwepo. Ndipo nikainua macho. Alikuwa mtu mfupi, Mnairobi alikosea vibaya, mwenye mvi za pembeni na shati lililoshonwa vizuri sana ingawa lilikuwa chafu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, likatoka moja.

"Mukeke," nikasema.

Uso wake ulibadilika. Nilidhani ni furaha, maana ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

"Wewe ni Mgebuka," akasema.

"Ndiye mimi. Umefika. Umefika, pole, sasa umefika."

"Mukeke hakufika, Madamu."

Nikamwambia asinitanie, mikono hii naijua kuliko yangu. Watu nyuma yake walikuwa wanasubiri kunawa. Aliitoa mikono yake kwenye yangu taratibu, akaikung'uta maji.

"Ego, ndiyo, mikono ni yangu," akasema. "Mukeke ni mke wangu."

Nilimwachia mwenzangu koki, tukaenda kukaa kwenye ngazi za jukwaa, yeye ngazi ya chini na mimi ya juu yake. Aliniambia anaitwa Leonardi, fundi cherehani, na kwamba kucha ile ilipitiwa na sindano ya cherehani alipokuwa mwanagenzi. Mkewe, aliyefia Kagunga, aliitwa Skolastika. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Mwaka wa tisini na tatu, akiwa bado msichana kwao, nyumba yao ilichomwa moto, naye alirudi ndani kumtoa mdogo wake. Mdogo wake alipona. Vidole vya Skolastika viliungua vikagandana, vikabaki kama vilivyofumbwa.

"Vitofali vililetwa shuleni kwake na masista," Leonardi alisema. "Watoto wanajenga, yeye anatazama. Siku moja akavileta vichache nyumbani, akaniambia, Leonardi, weka hiki hapa. Mimi najua suruali, sijui nyumba. Nikaweka. Akasema, hapana, geuza. Nikageuza. Tokea hapo kila jioni nikifunga cherehani. Yeye anaona yote kichwani, ananiambia weka, toa, sogeza, rudisha. Mimi naweka."

"Na ujumbe? Nani alikuwa ananiandikia?"

"Yeye. Kwa kifundo cha kidole. Aliandika pole pole sana."

Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikingoja majibu, nikitazama simu na kumlaumu kwa kiburi.

"Kwa nini hakusema?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa kali, ya ofisini. "Miaka yote tunamwita kaka. Kwa nini hakusema?"

Leonardi alifikiri kidogo. "Nyie mlitaka mikono kwenye picha. Alipiga picha ya kwanza na mikono yake. Akaitazama, akaifuta. Akasema, hawa wataangalia mikono, hawataangalia nyumba. Akaniambia niweke yangu. Mkaandika, karibu kaka. Tulicheka siku hiyo, Madamu, tulicheka mpaka jirani akaja. Kisha ikawa vigumu kurudi nyuma."

Nilikasirika. Nataka lijulikane hilo, kwa sababu watu wakisimulia habari za marehemu hujifanya walilia tu. Mimi nilikasirika kwanza. Nilimkasirikia mwanamke aliyezikwa, nikamkasirikia huyu mumewe na mikono yake iliyokuwa imetulia magotini kama haina habari, nikajikasirikia mwenyewe niliyeanika moyo wangu mbele ya mke na mume wakiwa wamekaa kula chakula cha jioni. Nikamuuliza kama na mimi walinicheka.

"Oya," akasema haraka. "Wewe hapana. Alikuwa ananisomea maneno yako. Ulipoacha kumwita kaka, aliacha kusoma kidogo. Akasema, huyu dada ni mpweke, na mimi nimemkosea. Akasema, nikimwambia sasa ataona aibu atakimbia, na mimi sina rafiki mwingine. Alitaka kukuambia mkionana uso kwa uso. Njia yote ya mlimani alikuwa anajifunza la kukuambia."

Ndipo nikauliza alivyokufa, maana nilikuwa nimelizunguka swali hilo kama mtu anayezunguka shimo. Alisema walifika Kagunga wazima. Siku ile aliponiandikia tumbo lilikuwa limeshaanza, lakini hakumwambia mumewe mpaka alipomaliza kuandika. Wakawa kwenye foleni ya mitumbwi. Zamu yao ilipokaribia hakuweza tena kusimama. Alizikwa pale juu, mlima unapoanzia, na watu waliofunga vitambaa puani.

"Hawakuniacha nimwoshe," Leonardi alisema. "Walisema ni ugonjwa. Nguo zake walizichoma, na simu ilikuwa ndani ya nguo."

Tulikaa. Nililia, na yeye hakulia, nadhani alikuwa amemaliza. Uwanjani watu walikuwa wanaanika nguo kwenye nyavu za magoli. Baadaye aliniuliza swali, kwa adabu sana, kama mtu anayeomba maji nyumba asiyoifahamu.

"Maneno yake unayo?"

"Yote."

"Mimi Kiswahili cha kusoma ni kidogo. Unaweza kunisomea?"

Nikafungua simu nikapanda juu, mwanzo kabisa, kwenye samaki mmoja mwenye majina mawili. Nikasoma. Leonardi alifumba macho. Kila baada ya muda aliniingilia. "Hapo alicheka kabla ya kuandika," alisema. Au, "Hapo mvua ilikuwa inapiga bati, ilibidi anipigie kelele ndio nisikie." Nilisoma habari ya chai na ukuta, nikasoma za malaria yangu. Nilipofika kwenye maneno yangu ya baadaye niliyaruka, nikasoma majibu yake tu.

"Na yako, Madamu," akasema bila kufumbua macho. "Alikuwa anayasoma yote. Ukiruka, sisikii sauti yake vizuri."

Basi niliyasoma. Nikiwa mtu mzima mwenye miaka arobaini na kidogo, na beji ya manispaa kifuani, nilimsomea mume wa mtu barua za mapenzi nilizomwandikia mkewe nikidhani namwandikia yeye. Kwamba nimetazama kaskazini. Kwamba chai ya peke yangu haina ladha. Aliitikia kwa kichwa polepole kila neno, na nilipomaliza akasema, "Hilo la chai lilimliza." Aibu niliyoitegemea haikuja, ikaja huzuni peke yake. Nilikuwa na rafiki mmoja duniani aliyelia kwa ajili ya chai yangu, akafia njiani akija kuinywa.

Siku hiyo niliandika kwenye kundi. Niliandika kwa kifupi, kwamba Mukeke alikuwa mwanamke, kwamba mikono ilikuwa ya mumewe, kwamba amefariki Kagunga. Kizibo akauliza, "Jina lake nani?" Nikaandika Skolastika. Akayafuta masharti yake yote pale pale, akaandika jina lake kamili na kazi yake, na kweli alikuwa hakimu. Wengine wakafuata, mmoja mwalimu mkuu, mmoja rubani, mmoja mchungaji wa kanisa kubwa. Nilisoma majina yale bila kushangaa. Nilikuwa nimetaka jina moja tu, na nilikuwa nimelipata.

Mabasi ya Nyarugusu yalikuwa yanaondoka kesho yake. Nilimwambia Leonardi kuhusu chumba changu cha pili, nikamwambia nitamwendea Polycarp na kumwombea ruhusa, cherehani nitamtafutia. Alinishukuru. Alisema anataka kwenda na watu wa kwao, kwa sababu kule yupo mtu aliyemwona Skolastika akiwa hai, na kwangu hatakuwepo hata mmoja.

Asubuhi niliporudi nilikuwa nimebeba boksi. Vitofali vyangu vyote vilivyo safi, na madirisha, na ubao wa kujengea wa kijani. Nilikuwa nimepiga mahesabu yangu ya kijinga, kwamba mikono ipo, na mikono hiyo imejenga miaka yote, haiwezi kuwa imesahau. Kule kambini ingekuwa na kitu cha kufanya. Na, niseme ukweli wote, nilitaka kuiona ikijenga mara moja kwa macho yangu, bila simu katikati.

Alifungua boksi kwenye ngazi zile zile. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaweka ubao magotini, akaingiza mikono kwenye vitofali, na mara ikawa ile ninayoijua. Ilichambua rangi upesi upesi, vyeupe huku, vyekundu huku, vifupi juu ya virefu. Ilipangusa vumbi kwenye vinundu kwa ncha ya gumba. Akachagua kitofali kimoja cheupe, akakishika kwa vidole viwili, kidole kidogo kikanyanyuka, mkono ukaja juu ya ubao ukasimama.

Nilidhani amechoka. Nilidhani amekumbuka kitu, nikataka kumpa nafasi. Kisha akageuza kichwa akanitazama, na nikaelewa kwamba anangoja kuambiwa.

Nilitazama ubao ule mtupu. Nina shahada ya mipango miji. Nimechora nusu ya viwanja vya Ujiji, hakuna kipande cha ardhi nilichowahi kuonyeshwa nikakosa la kusema. Nilitazama kile kitofali, nikautazama ubao, nikajaribu kuona alichokuwa akikiona Skolastika akiwa amekaa jioni na vidole vyake vilivyofumbwa, na sikuona kitu.

"Weka popote," nikasema mwishowe.

Leonardi alitikisa kichwa. "Hakuwa anasema hivyo," akaniambia kwa upole, akaendelea kunitazama, mkono umesimama juu ya ubao, mpaka walipoanza kuita majina ya basi lake.